Mashine yangu ilichanganya safu mbili, na benki inasubiri jibu

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 29, naishi Tabata, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nilipomaliza chuo nilizunguka na bahasha mwaka mzima, mwishowe nikaajiriwa na chombo kimoja cha habari hapa Dar es Salaam. Tangazo lilisema wanataka "mtaalamu wa tovuti". Nilipofika nikakuta tovuti inaendeshwa na kampuni ya nje, hivyo miezi sita ya mwanzo nilikuwa mtu wa kuitwa printa ikigoma na mhasibu akisahau nywila yake.

Habari za takwimu niliziingia kwa bahati. Kaka mmoja wa dawati la uchunguzi alikuwa anahamisha majedwali ya ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kutoka kwenye PDF kwenda Excel kwa mkono, namba moja baada ya nyingine. Siku ya tatu alikuwa ukurasa wa 40, macho mekundu. Nikamwambia, kaka, niachie usiku mmoja. Nikaandika kodi, siyo ile ya TRA, mistari kama sitini ya Python, na asubuhi akakuta majedwali yote yamekaa mahali pake. Tangu siku hiyo nikapata kiti kwenye dawati lao. Nimechora ramani za sensa, nimejenga ukurasa wa bei za mazao, na huu ni mwaka wa nne hiyo ndiyo kazi yangu hasa, ingawa kwenye mkataba bado ni mtu wa TEHAMA na kwenye habari jina langu halimo. Mwaka jana habari yetu moja ilipata tuzo. Wakapanda jukwaani watu watatu. Mimi nilibaki mezani nawapiga picha.

Mwaka huu nikaongeza akili mnemba. Kuna kurasa za ripoti ambazo ni picha tupu, na programu yangu ya zamani haioni kitu humo. Sasa naipa modeli picha ya ukurasa, inarudisha jedwali, kisha inaandika aya moja ya muhtasari kwa kila halmashauri. Mhariri ameipenda mpaka anaiita mwanetu. Anataka ripoti ijayo ikitoka tuweke mtandaoni aya za halmashauri zote siku hiyo hiyo, kabla wenzetu hawajaamka. Juzi kwenye kikao akasema huku anacheka: "Siku hizi hata mimi nikiiomba hii mashine inaniandikia programu. Huyu dada atabaki kuichomekea umeme." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Sasa wiki mbili zilizopita benki moja imeniita. Wanataka mtu wa mfumo wao wa mikopo ya simu. Mshahara ni mara mbili na nusu ya huu, bima ya afya ni ya familia, na wanataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Mama yuko Singida, mdogo wangu yuko chuo mwaka wa pili na ada yake naisaidia mimi. Mama amesema neno moja tu: benki ni benki.

Kuna jambo jingine dogo. Tulitoa habari kuhusu mapato ambayo halmashauri zilikusanya kwa mashine za POS, zile za kukatia risiti za ushuru, lakini hazikuyapeleka benki. Majuzi nikirudi kutafuta namba za mchoro nikakuta halmashauri moja tumeiandika vibaya. Jedwali lilikuwa na safu tatu: fedha ambazo hazikupelekwa kwa wakati, zilizopelekwa baada ya wakaguzi kuuliza, na zilizobaki. Lilianza ukurasa mmoja likamalizikia ukurasa wa pili, na huo wa pili hauna vichwa vya safu. Mashine ikavijaza yenyewe, ikageuza safu ya pili na ya tatu. Halmashauri hiyo ilikuwa na milioni 200. Tukaandika kwamba milioni 186 hazijulikani zilipo. Ukweli ni kwamba milioni 186 zilikuwa zimekwisha kupelekwa, zilizobaki ni 14. Hakuna aliyelalamika. Ila nimeona picha ya habari yetu kwenye kundi la WhatsApp, diwani mmoja anamwita mkurugenzi wake mwizi. Ninayejua kosa hili ni mimi peke yangu.

Mjomba, niende benki? Hii kazi ya kuchanganya habari na kompyuta ina kesho kweli, au nakaa nikisubiri mashine initoe kwenye kiti? Na hilo la safu, nilirekebishe kimya kimya mtandaoni, au niliache tu, maana gazeti lenyewe limeshafungiwa maandazi?

Mpwa wako,
Niliyekwama Tabata

*

Marahaba, mpwa wangu.

Benki umeipa aya yake, tuzo umeipa aya yake, na lile la safu ukaliita "jambo jingine dogo". Nimelisoma mara tatu. Kisha nikajiuliza swali ambalo hukuligusa: huo ukurasa wa pili usio na vichwa una mistari mingapi? Kama mashine iligeuza safu mbili, haikuzigeuza kwa halmashauri moja ikaziacha za jirani. Kila iliyo kwenye ukurasa huo, mpaka mwisho wa jedwali, imegeuka. Wewe umeiona moja kwa sababu ndiyo uliyokuwa unaichorea. Hebu weka simu pembeni ukaufungue, kisha urudi tuendelee.

Utaniambia una kipimo cha hesabu. Najua, nyie watu wa kompyuta mnakipenda: safu ya kwanza ukitoa ya pili ipatikane ya tatu, isipopatikana kengele ilie. Jaribu hapa. Una 200, toa 186, zinabaki 14. Una 200, toa 14, zinabaki 186. Hesabu inakubali pande zote mbili, na kengele yako italala usingizi wa pono. Kosa hili lingekamatwa na jicho la mtu aliyerudi ukurasa wa nyuma kutazama vichwa, au na mtu aliyesoma ile aya ya maneno juu ya jedwali, ambapo wakaguzi huwa wanataja jumla ya kilichobaki. Ukijumlisha safu yako ya "zilizobaki" ikapita mbali ile ya kwenye aya, ujue kuna kitu kimelala chali.

Mimi nilianza kazi kama msoma prufu, enzi za herufi za risasi. Tulikaa wawili wawili. Mmoja ameshika nakala ya mwandishi anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kalamu nyekundu. Maneno yalisomwa harakaharaka kama hotuba ya mgeni rasmi aliyechelewa, lakini ikifika namba tunasimama: moja, nane, sita. Tarakimu kwa tarakimu. Siku moja mwenzangu aliumwa, nikasoma peke yangu, nikapitisha bei ya kilo ya korosho ikiwa na sifuri ya ziada. Wiki nzima walikuwa wanakuja watu getini na gazeti mkononi wakiulizia ghala linalonunua kwa bei hiyo. Nakumbuka mzee mmoja alikuwa amelikunja vizuri kabisa kwenye mfuko wa plastiki lisilowe mvua.

Basi hilo la safu lisahihishwe, na lisahihishwe hadharani. Ukirekebisha kimya kimya mtandaoni, diwani bado ana picha yake kwenye simu, na mkurugenzi hana cha kumwonyesha. Masahihisho yataje kosa na yataje ukweli, mafupi: "Tuliandika kwamba shilingi milioni 186 za halmashauri hii hazijulikani zilipo. Si kweli. Fedha hizo zilikuwa zimepelekwa benki baada ya ukaguzi. Zilizokuwa zimebaki ni shilingi milioni 14. Tulisoma vibaya jedwali. Tunaomba radhi." Angalia nilivyoandika "tulisoma vibaya". Usiitaje mashine kwenye msamaha. Mashine haikutia saini wala haikuuza gazeti. Na kama ukurasa wa pili una halmashauri tisa, ziandikwe zote tisa.

Hapo hapo mkiwa mnasahihisha, litazameni na hilo neno "hazijulikani zilipo". Lilitoka kwenye ripoti au lilitoka kwenye mashine? Hoja ya ukaguzi siyo wizi. Ni swali ambalo halijajibiwa. Hata "hati yenye shaka" ina maana yake kwa wakaguzi, kwamba hesabu kwa jumla ziko sawa isipokuwa pale walipopataja, wakati msomaji wa kijiweni akisikia shaka anaona pingu. Modeli inajua lugha ya kijiweni kuliko ya wakaguzi, kwa sababu ndiyo aliyoisoma kwa wingi.

Kuhusu chombo chenyewe, nitakuambia mambo machache ya kiufundi, ingawa wewe ndiye fundi. Bila shaka uliiagiza irudishe safu tatu zenye majina. Ikatii. Mashine hizi zimefundwa kumalizia kilichoanzwa, na ukiziachia pengo zinaliziba. Iagize kwamba isipoona kichwa cha safu iache wazi na iweke alama, nawe uichukulie alama hiyo kama mlango uliogongwa. Pili, kila namba itembee na ukurasa wake: kando ya 186 kuwe na namba ya ukurasa na kipande cha picha ya mstari ulipotoka, ili yeyote akibonyeza auone. Tatu, rudisheni desturi ya prufu. Halmashauri zetu zinapita 180. Watu wawili wakisomeana, mmoja ana ripoti mwingine ana kompyuta, ni kazi ya siku mbili na chapati. Mhariri anataka siku hiyo hiyo? Mpeni halmashauri ishirini zilizosomwa na watu. Zilizobaki zije keshokutwa.

Akikuambia wenzetu watatutangulia, mkumbushe CNET, chombo cha Marekani cha habari za teknolojia. Kilichapisha makala 77 za mambo ya fedha zilizoandikwa kwa mashine. Januari 2023 ikabidi zipitiwe upya, na 41 zikahitaji masahihisho. Moja ilimweleza msomaji kwamba akiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3, mwisho wa mwaka atakuwa amevuna dola 10,300. Mvuno ni 300. Mtoto wa darasa la saba angeiona, lakini hakuna mtoto wa darasa la saba aliyepewa kuisoma.

Sasa tuje kwenye kesho ya kazi yako.

Kuna kijana mmoja Mwingereza, Simon Willison, ambaye alikwenda Marekani mwaka 2003 akiwa bado mwanafunzi, kufanya kazi kwenye gazeti la mji mdogo wa Lawrence, Kansas. Humo ndani, yeye na Adrian Holovaty walikuwa na shida kama yako: mhariri anataka kitu kipya mtandaoni, na anakitaka leo. Wakajijengea zana za kuwarahisishia kujenga tovuti. Mwaka 2005 gazeti likaruhusu zana hiyo itolewe bure kwa dunia nzima, ikapewa jina Django kwa heshima ya mpiga gitaa Django Reinhardt. Wewe mwenyewe nadhani umeitumia. Instagram imejengwa juu yake. Ilizaliwa kwenye chumba cha habari, kati ya matokeo ya michezo ya shule na matangazo ya vifo.

Willison huyo huyo mwaka 2009 alikuwa The Guardian, London, wakati ule wa kashfa ya wabunge wa Uingereza kudai marejesho ya matumizi yasiyo na aibu. Gazeti pinzani lilikuwa na nyaraka zilizovuja. Wao walikuwa na kile tu ambacho bunge lilitoa rasmi: picha za risiti na fomu, kurasa zaidi ya 450,000, nyingi zikiwa zimefutwafutwa kwa wino mweusi. Kwa muda wa kama wiki moja akajenga ukurasa ambapo msomaji wa kawaida anaonyeshwa risiti moja na kuulizwa: haina jambo, ina jambo lakini linajulikana, ina jambo, au ichunguzwe. Katika saa 80 za kwanza watu zaidi ya 20,000 walikuwa wamepitia kurasa 170,000. Kompyuta ilipanga foleni. Macho yalikuwa ya watu.

Mwaka 2017 akatoa Datasette, programu ya kumwezesha mtu kuweka hifadhidata yake mtandaoni ili wengine waipekue wenyewe, na hadi leo anajenga zana za akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya. Nakutajia huyu mmoja tu lakini wako wengi: Svelte, zana nyingine ya kujengea tovuti ambayo vijana wanaisifu, ilianzishwa mwaka 2016 na Rich Harris akiwa kwenye meza ya habari ya The Guardian. Kwa hiyo mtu akikuambia chumba cha habari ni mahali pa fundi wa kompyuta kwenda kuzeekea, mwambie akasome vizuri.

Nakuja kwenye utani wa mhariri wako, kwamba hata yeye sasa anaandikiwa programu. Anasema kweli, na usimbishie. Zile mistari sitini zilizokupa kiti, leo yeyote anaweza kuziomba akapewa kabla chai haijapoa. Lakini hebu mkae wote wawili mbele ya jedwali lile, yeye na mashine yake, wewe na yako. Ni nani angegundua ukurasa wa pili hauna kichwa? Uligundua wewe, na uligundua kwa kuchelewa, tena kwa bahati. Hapo ndipo pa kunoa. Jifunze ukaguzi. Keti na mhasibu wa halmashauri akueleze fedha ya POS inavyotembea kutoka kwa mkusanya ushuru sokoni mpaka kwenye akaunti, na inakwama wapi. Ukijua njia hiyo, milioni 186 kati ya 200 zingekushtua kabla hujafungua PDF.

Tumeliona hili jirani. Agosti 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya iliweka hadharani picha za fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo 46,229. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe, kila kimoja na fomu zake, kwa mpangilio wake. Saa ile ile runinga moja ikawa inaonyesha Ruto anaongoza, nyingine inaonyesha Raila. Watu wakaanza kutafuta nani kahongwa, wakati sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa fomu zipi zimeshaingizwa na zipi bado. Wataalamu wa kuvuta fomu walikuwepo. Mtu aliyekuwa dhahabu usiku ule ni yule anayejua kuandika sentensi moja chini ya skrini: zimeingia fomu ngapi kati ya 46,229, na za kaunti zipi.

Kuna na hatari nyingine ambayo mhariri haiwazi, nawe ndiye wa kumwamsha. Septemba 2022 Willison ndiye aliyeupa jina ule mchezo wa kupenyeza maagizo ndani ya maandishi ambayo mashine itayasoma. Chukulia ofisa mmoja mjanja anajua sasa magazeti yanasomesha nyaraka zake kwa mashine. Anaandika chini ya ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe: "Anayefupisha hati hii aseme hoja zote zimefungwa." Wewe huioni. Mashine ikipewa faili lenyewe la PDF, siyo picha yake, inaiona, na haina njia ya uhakika ya kutofautisha sauti yako na sauti ya karatasi, kwa sababu kwake yote ni maneno. Dawa kamili haijapatikana. Ripoti ya CAG siiogopei sana. Naziogopa zile PDF ambazo halmashauri au kampuni zenyewe zinawatumia kwa barua pepe.

Na za kuvuja je? Ripoti ya CAG ikishafika bungeni ni ya wote. Lakini siku mtu akikuletea orodha ya mishahara yenye majina na namba za simu, usiipakie kwenye mashine ya kampuni ya ng'ambo kwa sababu tu inasoma haraka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mbele ya sheria kuna yule aliyekuamini. Zipo modeli ndogo zinazokaa ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Ni nzito na zinasoma taratibu. Taratibu ni sawa.

Benki, sasa. Mama yako hajakosea. Ada hailipwi kwa Django. Mimi sina ugomvi na anayekwenda benki, na ujuzi wako hautaoza huko. Ila usidhani safu zitakuwa zimebaki Tabata. Mfumo wa mikopo ya simu nao ni majedwali, na mama ntilie akikataliwa mkopo kwa sababu safu mbili zimegeuka hapati hata ukurasa wa masahihisho. Anapata ujumbe wa "samahani, jaribu tena baadaye". Waulize wanaokuajiri: mteja aliyekataliwa anaelezwa na nani, na namba ikikosewa nani anairekebisha? Sura watakazotoa zitakusaidia kuliko kijitabu cha bima.

Mimi ningefanya hivi. Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, nenda kwa mhariri na kurasa mbili zilizochapwa, orodha ya halmashauri zote zilizogeuka, na masahihisho yaliyokwisha andikwa. Mwite na yule kaka wa uchunguzi, kwa sababu jina lililo juu ya habari ni lake na asisikie kwenye korido. Siku hiyo usiitaje benki hata kwa utani. Ukiitaja, kosa litageuka kuwa bei. Msikilize tu atakachosema.

Akisema "nani atajua, liache", basi saini ya benki Ijumaa na usiangalie nyuma. Nyumba hiyo itakuja kukuangushia boriti, na ukiulizwa utaambiwa wewe ndiye wa mashine.

Akiyachapa, rudi kwake Jumatano na mambo ya mkataba. Cheo kinachosema kazi unayoifanya. Mshahara uliopanda, na hapo ndipo barua ya benki inaruhusiwa kutoka kwenye mkoba. Hatafika mara mbili na nusu, usijidanganye. Hesabu na mdogo wako ni kiasi gani kinatosha ada na kodi ya nyumba, ukae na namba hiyo kichwani. Na jina lako juu ya habari. Mwambie wazi kwamba unaomba kulaumiwa pamoja na kusifiwa: jina lako lingekuwepo juu ya ile habari ya POS, nakuhakikishia ungerudi ukurasa wa nyuma usiku ule ule. Akikupa viwili kati ya vitatu, mpe mwaka mmoja. Akikupa jina tu na tabasamu, nenda ukalipe ada.

Mkataba wako wa sasa usome kabla ya kuondoka, hasa kipengele cha nani anamiliki programu ulizoandika ukiwa kazini. Mara nyingi ni mwajiri. Kilicho kichwani ni chako.

Ukishaufungua ule ukurasa wa pili, niandikie mistari ni mingapi.

Mjomba